Mkalimani wa Mheshimiwa Lwande

Ng'ombe wa kwanza alikataa kuruka.

Mzee Nyangau alimchapa fimbo ya mgongoni, akamsukuma kwa bega, akamtukana yeye na mama yake. Ng'ombe alikaza kwato kwenye ukingo wa josho na kupuliza pua. Nyuma yake wenzake hamsini walianza kusongana na kupandiana. Ndipo mzee alipoinama kuyatazama yale maji ya kijani, akaona kitu alichodhani ni gunia.

Gunia lilikuwa na vifungo.

Saa nne na nusu asubuhi, Jumanne ya tarehe kumi na saba Agosti 1993, Inspekta Jerusha Mokaya wa idara ya upelelezi alishuka kwenye Land Rover iliyomtoa Homa Bay. Mvua ya jana ilikuwa imeacha udongo mlaini kando ya barabara ya Masara. Watu walikuwa wamejaa. Walisimama mbali kidogo, kimya, kama wanaongoja kuulizwa jambo na tayari wameamua kutojibu.

"Nani amekanyaga hapa?" aliuliza.

"Ng'ombe, afande," alijibu Konstebo Bichage wa kituo cha Migori, kijana mrefu wa Kikuria mwenye sauti ya chini. "Lakini upande ule wa barabara nimeuzuia. Kuna alama za gari."

Jerusha alichuchumaa. Gari lilikuwa limerudi nyumanyuma mpaka kwenye ukingo wa josho, kisha likaondoka kwa kasi. Matairi matatu yalikuwa na meno. La nne, la nyuma kushoto, lilikuwa kipara kabisa.

"Mwageni plasta hapa na pale. Jua lisije likapasua udongo kabla yetu. Halafu mtoeni."

Vijana wanne walimvuta kwa kamba, wakamlaza kwenye saruji. Mwanamume mwembamba, miaka hamsini hivi. Koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. Nyuma ya kichwa palikuwa na jeraha lililofunguka kama mdomo.

Jerusha hakungoja kitambulisho.

"Nyamhanga Mirumbe," alisema.

"Unamjua, afande?"

"Naijua sauti yake."

Alipokuwa konstebo, miaka ya themanini, alipangwa kulinda jukwaa la Mheshimiwa Cephas Lwande. Lwande alikuwa mbunge, kisha waziri msaidizi. Watu walimwita Nyundo. Akikohoa, machifu wanahamishwa. Akikasirika, shule inakosa mabati. Upande mmoja wa jimbo lake walikaa Waluo wenzake. Upande wa mpakani walikaa Wakuria, na huko hakuna aliyemsikia Lwande ila kwa kinywa cha Nyamhanga. Lwande anasema sentensi kwa Kiswahili, Nyamhanga anaigeuza Kikuria, umati unaitikia. Miaka kumi na tano walikwenda hivyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba, wa vyama vingi, na Nyundo akavunjika mpini.

Kwenye ukuta wa josho palikuwa na bamba la saruji: JOSHO HILI LILIFUNGULIWA RASMI NA MHE. C. O. LWANDE, WAZIRI MSAIDIZI, 1986. Mtu alikuwa amelipaka jina hilo mavi ya ng'ombe. Yalishakauka zamani.

*

"Alizama," daktari alisema alasiri ile, akivua glavu.

"Na jeraha la kichwa?"

"Kubwa, lakini halikumuua. Mapafu yamejaa maji ya josho. Aliingia mle akiwa anapumua, afande. Angeletwa hapa ningemshona, angelala siku tatu, angeenda nyumbani."

Jerusha alizunguka meza. Hakupenda kusimama mahali pamoja karibu na maiti. Hakupenda hata kusimama mahali pamoja tu.

"Alipigwa na nini?"

"Kitu kizito chenye kona. Na kona hiyo ilivunjika." Daktari aliinua kichupa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha plastiki nyeusi, kidogo kama ukucha. "Hiki kilikuwa kwenye nywele."

*

Nyumba ya Nyamhanga ilikuwa karibu na Isebania. Mjane wake, Pauline Robi, alikaa mkekani katikati ya wanawake wenzake. Macho yalikuwa makavu.

"Pole sana, mama."

"Nimepoa."

"Alitoka lini?"

"Jumatatu. Saa tisa."

"Kwenda wapi?"

"Aliitwa."

"Na nani?"

Pauline aliwatazama wanawake. Wanawake wakatazama chini.

"Na Mheshimiwa. Ujumbe uliletwa Jumapili na Gesare, msichana wa hapa kijijini. Anamfanyia Mheshimiwa kazi za nyumbani. Alisema kuna kazi ya kufasiri."

"Kazi gani, na mtu si mbunge tena?"

"Ndivyo nilivyomuuliza na mimi. Nikamwambia usiende. Akavaa koti lake la mikutano. Akasema, 'Acha niende, Robi. Nimechoka kungoja.'"

"Kungoja nini?"

"Sijui."

Alijua. Jerusha aliona kwamba alijua, na wanawake wote wale walijua, na mzee aliyekuwa akipasua kuni nje alijua pia, maana shoka lake lilikuwa limenyamaza.

"Huyo Gesare yuko wapi?"

"Amevuka mpaka. Ana shangazi yake Tarime."

Jerusha alipita nyumba sita siku ile. Alimuuliza mwalimu, akamuuliza katekista, akamuuliza muuza mafuta ya taa. Nyamhanga na Lwande waliachana vipi? Walikosana? Kila mtu alisema hajui, na baadhi yao walisema hivyo huku wakikaza midomo isije ikatabasamu. Kwenye msiba! Alirudi garini akiwa na hasira ya mtu aliyeingia chumba ambacho watu wametoka kucheka.

*

Kilimani kwa Lwande mlingoti ulikuwa bado umesimama, bila bendera. Kibanda cha askari kilikuwa wazi, kuku ameatamia ndani. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye pikapu yake ya Peugeot uani, milango wazi, akisikiliza kaseti. Makofi yalikuwa yakimiminika kutoka kwenye spika za gari. Alipoona sare za Bichage alizima.

"Nyar Kisii!" alisema kwa lugha ya kwao, akimwita binti wa Kisii, na kucheka. Mwili wake mkubwa ulikuwa umelegea ndani ya suti. "Umekuwa inspekta. Nakukumbuka ukilinda mgongo wangu."

"Nyamhanga amekufa, Mheshimiwa."

"Nimesikia. Nimelia."

"Alikuja hapa Jumatatu?"

"Tangu kura hatujaonana."

"Mkewe anasema ulimwita."

"Mkewe ana huzuni. Tusimhesabie."

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Homa Bay. Hoteli ya pale ziwani. Nilikuwa na mkutano na wakubwa wa chama mpaka usiku. Waulize."

"Nitawauliza. Kwa nini unasikiliza kaseti kwenye gari? Huna redio ndani?"

"Iliharibika."

Jerusha alizunguka pikapu polepole. Ilikuwa kuukuu, kioo cha nyuma ya dereva kimevunjika na kuzibwa kwa karatasi ya nailoni. Matairi matatu yalikuwa na udongo mwekundu kwenye meno. La nyuma kushoto lilikuwa jipya, jeusi, bado lina vinywele vya kiwandani.

"Tairi hili?"

"Lilitoboka."

"Lini?"

Lwande alishuka. Akawa mrefu tena kwa kitambo kidogo.

"Inspekta, umekuja kwa ajili ya Nyamhanga au kwa ajili ya tairi? Yule mtu alikuwa mdomo wangu. Nani hujikata mdomo wake mwenyewe?"

Jioni hiyo mkubwa wake alimpigia simu kutoka Homa Bay.

"Jerusha, una hakika?"

"Nimesikia harufu, bwana. Hakika bado."

"Watu kama hawa huanguka Jumatatu wakateuliwa Ijumaa. Sikukatazi. Ila ukienda kwake mara ya pili, uwe na kitu mkononi."

Hakulala. Alikaa kitandani kwenye nyumba ya wageni, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Tairi jipya si kosa. Redio mbovu si kosa. Na mtu aliyeanguka ana haki ya kusikiliza makofi yake ya zamani. Lakini kwa nini amuue mtu pekee aliyebaki kuwa kumbukumbu ya makofi hayo?

*

Alhamisi asubuhi alikuwa Homa Bay. Caren, mpokezi wa hoteli ile ya ziwani, alifungua daftari la meza.

"Alikuja, ndiyo. Saa nne. Aliagiza meza ya watu wanane. Sahani nane za samaki mbuta wa kukaanga, ugali, soda kreti nzima."

"Akina nani walikuja?"

Caren alifunga daftari. "Hakuna mtu, madam."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Aliniuliza mara tatu kama simu yetu inafanya kazi. Nikamwambia inafanya. Saa nane akala peke yake, kidogo tu. Halafu akasema wale samaki wengine tuwape watumishi. Zamani akija hapa tulikuwa tunaambiwa tuoshe hadi ngazi."

"Aliondoka saa ngapi?"

"Saa nane na nusu. Aliendesha mwenyewe."

Saa nane na nusu. Kufikia saa kumi na moja angekuwa kilimani kwake, amekaa, anamngoja mgeni.

Jerusha alirudi Migori bila kusimama popote. Alimkuta Bichage kituoni akichapa taarifa ya doria kwa vidole viwili. Akafunga mlango.

"Bichage. Lwande amenidanganya kuhusu mkutano, na alimwita Nyamhanga siku ileile. Sababu ndiyo sina. Nimeuliza watu arobaini, wote wananitazama kama mtoto. Na wewe unanitazama hivyohivyo."

Bichage aliacha kuchapa.

"Afande, kuna jambo kila Mkuria wa upande huu analijua," alisema. "Hatukuapishana tusiseme. Hatukusema tu."

"Sema sasa."

"Unakumbuka Masara, mwaka wa themanini na tisa? Mheshimiwa alitaka yale mashimo ya dhahabu yaende kwa kampuni ya marafiki zake. Wachimbaji wakakataa kutoka. Akaleta tingatinga. Watu wakapiga kelele kwamba kuna wenzao ndani. Mheshimiwa akasema hakuna mtu. Akamwambia Nyamhanga awatangazie kwa kipaza sauti: hakuna mtu ndani, rudini nyuma. Nyamhanga akatangaza. Watu wakamwamini kwa sababu ni yeye, wakarudi nyuma. Tingatinga likafukia."

"Na walikuwemo."

"Watatu. Mmoja alikuwa Marwa, mdogo wake Nyamhanga. Hakujua kwamba Marwa ameshuka siku ile. Waliwatoa baada ya wiki. Kesi haikufika popote."

"Na Nyamhanga akaendelea kumfasiria?"

"Akaendelea. Miaka mitatu. Watu walimtemea mate njiani. Halafu ikaja kampeni. Upande wa Waluo upinzani uliwachukua watu kama mafuriko, Mheshimiwa akabaki na tegemeo moja, kura za kwetu. Mkutano wake wa mwisho ulikuwa sokoni kule mpakani. Mimi nilikuwa zamu." Bichage aliinua macho. "Mheshimiwa akasema, 'Nimewajengea josho, nimewaletea maji.' Nyamhanga akasema kwa Kikuria, 'Huyu alifukia watu watatu Masara, na mmoja ni ndugu yangu.' Mheshimiwa akasema, 'Mimi ni mtoto wenu.' Nyamhanga akasema, 'Mimi ndiye niliyewadanganya, kwa mdomo huu. Naomba mnisamehe.' Mheshimiwa akasema, 'Nipeni miaka mitano.' Nyamhanga akasema, 'Msimpe hata kura moja. Na kama mmenielewa, pigeni makofi kwa nguvu, asije akashtuka.'"

Jerusha alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, alikaa kabisa.

"Wakapiga?"

"Afande, makofi yale sijawahi kuyasikia. Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Mheshimiwa alifurahi, akamkumbatia Nyamhanga mbele ya watu wote."

"Na wale waliojua Kiswahili, waliosikia lugha zote mbili?"

"Hao ndio waliopiga zaidi."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimeshika bunduki, afande." Bichage alikohoa. "Nikaitundika begani, nikapiga."

*

Bichage mwenyewe alivuka mpaka kumfuata Gesare. Alirudi naye Ijumaa kabla ya saa tatu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mikono yake ikikunja na kukunjua leso.

"Nilicheka tu," alisema kabla hajaulizwa. "Nilimuua kwa kucheka."

"Hujamuua mtu. Ulicheka nini?"

"Kila jioni anaweka kaseti. Mikutano yake. Fundi wake wa vipaza sauti alimletea kaseti zote kwenye boksi. Anafunga macho, anasikiliza watu wakipiga makofi. Jumamosi nilikuwa napiga pasi. Akaweka ile ya sokoni. Nilishaisikia habari yake, lakini sauti yenyewe sikuwa nimeisikia. Nikacheka. Sikuweza kujizuia."

"Akakuuliza."

"Akazima redio. Akaniambia, 'Gesare, unacheka nini?' Nikasema si kitu. Akanishika mkono hapa. Akairudisha kaseti nyuma. Akaniambia nimfasirie sentensi moja tu. Nikamfasiria moja. Hakunigombeza. Alikaa vile mpaka giza likaingia, hata taa hakutaka niwashe. Jumapili akanituma nimwite Nyamhanga, akaniambia nisirudi tena kazini."

"Redio hiyo ilikuwa inafanya kazi Jumamosi?"

"Vizuri kabisa. Kubwa, nyeusi, ya spika mbili."

Kufikia saa tano Jerusha alikuwa na kibali cha upekuzi cha hakimu. Saa saba askari walikuwa ndani ya stoo ya Lwande, kati ya marundo ya fulana na mabango yenye uso wake. Tairi kipara lilikuwa chini ya mabango. Redio ilikuwa ndani ya gunia la fulana, imesuguliwa kwa sabuni. Kona moja ilikuwa imevunjika. Jerusha alitoa kichupa cha daktari, akakisogeza karibu. Kipande kilikaa mahali pake kama jino. Kwenye kitambaa cha spika, mahali ambapo sabuni haikufika, palikuwa na doa la kahawia.

Lwande alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Twende, Mheshimiwa," alisema Jerusha.

"Naweza kuchukua koti?"

"Chukua."

*

Kituoni Migori walikaa watatu. Jerusha na Lwande walitazamana mezani. Bichage alikaa pembeni na karatasi za maelezo.

"Huna lazima ya kusema lolote," Jerusha alimwonya. "Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumiwa mahakamani. Umeelewa?"

"Sheria hizo tulizipitisha sisi."

"Mkutano wako wa Homa Bay haukuhudhuriwa na mtu. Alama za josho ni za tairi lako. Damu iko kwenye redio yako. Gesare ameandikisha maelezo. Unataka kuongeza nini?"

Lwande alitazama kaseti iliyokuwa mezani.

"Uliisikiliza?" aliuliza.

"Bado."

"Isikilize. Makofi yake ni mazuri sana."

Kule nje mtu alikuwa akiwasha pikipiki iliyokataa kuwaka. Jerusha alijizuia kusimama.

"Tangu Januari," Lwande alianza, "simu yangu haijalia. Dereva aliondoka. Walinzi wakaondoka. Wale niliowapa kazi wakiniona mjini wanavuka barabara. Nilikuwa nikisikiliza ile kaseti, najiambia: Waluo wenzangu walinikataa, sawa, ulikuwa upepo. Lakini hawa wa mpakani walinipenda. Sikia wanavyonipenda. Lazima kura zao ziliibwa. Miezi saba hayo ndiyo yaliyokuwa yananipa usingizi, Inspekta. Kisha msichana wa kazi akacheka."

"Ukamwita Nyamhanga ili umuue?"

"Nilimwita ili akane." Aliupangusa uso wake kwa kiganja. "Nilimkalisha sebuleni. Nikaweka kaseti. Nikamwambia, nifasirie kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Nilidhani atapiga magoti. Alisimama. Akafunga vifungo vya koti lake, kama jukwaani, akafasiri yote. Kwa sauti ileile. Hakuruka hata neno. Alipomaliza akaniambia, 'Ndiyo hayo, Mheshimiwa. Miaka yote nilikufasiria, lakini siku ile peke yake ndipo nilipowaambia watu ukweli.' Akageuka kwenda mlangoni. Hakukimbia hata kidogo. Alinipa mgongo kama mtu aliyemaliza kazi yake. Nikaikamata redio kwa mpini."

"Ukampiga."

"Mara moja. Akaanguka."

"Kisha?"

"Niliogopa. Nilimbeba, nikamlaza nyuma ya pikapu, nikaubamiza mlango wa nyuma. Sikutaka afe. Utanicheka, lakini nilikuwa nampeleka hospitali. Barabara ya hospitali inapita pale."

Jerusha aliijua barabara. Toka kilimani mpaka hospitali ya Migori, josho lilikuwa karibu nusu ya njia.

"Lakini hukufika."

"Alizinduka." Sauti ya Lwande ilishuka. "Nilimsikia kupitia kile kioo kilichovunjika. Alikuwa anasema kwa Kikuria, akirudia maneno yaleyale. Hakuwa anapiga kelele. Kwa upole tu, tena na tena. Nikajua ananiapiza. Sisi tuna watoto, Inspekta. Unajua neno la mtu anayekufa lina uzito gani. Akilimaliza, limekaa. Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Nikaona josho. Nikarudisha gari nyuma."

"Ukamtupa akiwa anazungumza."

"Nilimtupa ili anyamaze."

Kalamu ya Bichage ilikwaruza karatasi, ikafika mwisho wa mstari, ikasimama.

"Unayakumbuka maneno hayo?" Jerusha aliuliza.

"Nayakumbuka. Siku nne hayajanitoka. Miaka kumi na tano sikujifunza hata salamu yao, na hayo nimeyashika yote."

Akayasema. Yalitoka vipande vipande, lafudhi imepinda, lakini alikuwa mtu wa jukwaa, mwenye sikio. Aliyarudia mara mbili. Jerusha hakuelewa kitu. Aliona tu Bichage akiiweka kalamu chini.

"Niambie," Lwande alimgeukia konstebo. "Nataka kujua wanangu wanangojwa na nini."

Bichage alimtazama Jerusha. Jerusha akaitikia kwa kichwa.

"Hakukuapiza, mzee," alisema Bichage. "Alikuwa anasema, 'Mguu wangu umebanwa na mlango. Fungua kidogo.'"

"Rudia."

"'Mguu wangu umebanwa na mlango. Fungua kidogo.'"

"Una hakika?"

"Ni lugha ya mama yangu."

Lwande aliendelea kuutazama mdomo wa Bichage, kama mtu anayengoja sentensi iendelee. Haikuendelea.

Jerusha alizikusanya karatasi, akazisogeza kwa Lwande pamoja na kalamu. "Soma, kisha utie sahihi kila ukurasa."

Hakusoma. Alitia sahihi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwenye ukurasa wa nne mkono ulienda wenyewe, ukaandika "Mhe." kabla ya jina. Akaiangalia herufi ile kubwa na mbili ndogo zake. Kisha akazipiga mstari mmoja, taratibu, akaandika jina tupu.